Gundi Isiyoliza

Kiwanda cha sukari kilipofungwa mara ya tatu, sikuona haja ya kuvua koti langu jeupe la maabara. Mara mbili za kwanza nilikuwa nimelivua, nikalifua, nikalipiga pasi na kulitundika ukutani likingoja kuitwa kazini. Mara ya tatu nilitoka nalo langoni nikaenda nyumbani kulimia mboga, maana lilikuwa koti zuri la pamba na lilikuwa na mifuko mikubwa.

Kwa miaka mingi kazi yangu pale ilikuwa kupima utamu wa maji ya miwa. Wakulima walileta miwa, mashine zikaikamua, nami nikaweka tone la maji yake kwenye kioo cha kupimia na kuandika nilichokiona. Watu wa Ekero, kitongoji cha kiwanda, walinijua kwa kazi hiyo, na kiwanda kilipowaudhi, mimi ndiye niliyekutana nao sokoni. Walinitazama kana kwamba utamu ule nilikuwa nimeubania mimi.

Kiwanda kilituachia mlima wa makapi. Miwa ikishakamuliwa hubaki nyuzi kavu ambazo sisi wa kiwandani tuliziita bagasi, na zamani zilikuwa zikichomwa kwenye boila. Sasa boila ilikuwa imezima. Mlima ukanyeshewa, ukachacha, ukaota uyoga, na mbuzi wa majirani wakawa wanapanda juu yake kutwa nzima kutazama nchi.

Mlima huo ndio ulionikutanisha na Daktari. Hakuwa daktari wa wagonjwa. Alikuwa amesomea kemia ng'ambo, akarudi kufundisha chuo kikuu mjini Kakamega, kijana mwembamba niliyempita kwa miaka kumi hivi, mwenye tabia ya kuongea juu ya mimea kama mtu anayewasifu wakwe zake. Alikuja na pikapu kuomba makapi. Mlinzi alimwambia kwamba mambo ya miwa yanajulikana na yule mama wa maabara, na akaletwa shambani kwangu.

Nilirudi naye kiwandani, tukasimama chini ya ule mlima. Daktari akaunyoshea mkono.

"Madam, hii yote ni plastiki."

Nilimtazama vizuri. Nilikuwa nimewasikia wanaume wengi wakisimama mahali palepale na kusema kwamba hii yote ni kazi, hii yote ni umeme, hii yote ni maendeleo. Wa plastiki alikuwa wa kwanza.

"Daktari, hiyo ni takataka."

"Ndiyo," alisema kwa furaha. "Ndiyo maana tumepewa bure."

Wiki iliyofuata nilikuwa mfanyakazi wake wa kwanza, na kwa muda mrefu nikawa wa pekee.

Alikuwa amepata wafadhili, na wafadhili walikuwa wamemwezesha kukodi banda la mabati pembeni mwa mji, kwenye mstari wa mafundi wa jua kali, kando ya njia iendayo mochari. Ndani mlikuwa na mapipa mawili ya chuma, jiko kubwa la kuni, meza, mizani, na tangazo ukutani lililosema kwamba tunaikomboa dunia kutoka kwa plastiki. Tangazo lenyewe lilikuwa la plastiki, lakini hilo niliona nimwachie Daktari aligundue kwa wakati wake.

Jumamosi moja nilienda kumwona mama yangu. Alinipakulia obusuma, yaani ugali, na mboga, akaketi kunitazama nikila.

"Hiyo kitu unapikanga huko Kakamega ni nini?"

Nikamweleza jinsi Daktari alivyonieleza mimi. Ndani ya muwa, ndani ya mti, hata ndani ya bua la mahindi, mna kitu kinachoitwa lignini. Nyuzi za mmea ni kama nondo za nyumba, na lignini ni saruji inayozishika pamoja. Bila hiyo muwa usingesimama, ungetambaa chini kama viazi vitamu. Sisi tunaitoa ile lignini, tunaikausha, kisha tunaigeuza kuwa resini, yaani ule uji mzito unaoganda ukawa gundi au plastiki. Plastiki za kawaida hutoka kwenye mafuta yanayochimbwa ardhini, na yakichimbwa yameisha. Hii yetu inaota kila mwaka.

Mama alifikiri.

"Ni ile inakwamanga kwa meno ukila muwa?"

"Karibu hiyo, mama."

"Na ulisoma miaka hiyo yote," alisema, akaniongezea mboga.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jikoni, na labda ndiyo sababu niliipenda. Nilijaza makapi kwenye pipa, nikamimina maji yenye soda kali, ile inayochubua mikono, nikafunika na kuchochea moto tangu asubuhi. Mchana nilifungua. Nyuzi zilikuwa zimelainika kama pamba iliyoloweshwa, na maji yalikuwa meusi tititi. Weusi ule ndio lignini ikiwa imeyeyuka. Niliyachuja, yakapoa, kisha nikaanza kuyatilia asidi polepole, nikipima kila baada ya muda kwa kijikaratasi kinachobadilika rangi. Mwanzoni huoni kitu. Unaendelea kutia, unakoroga, na ghafla yale maji meusi yanakatika kama maziwa yaliyoharibika. Tope la kahawia linashuka chini. Unalichuja, unaliosha, unalianika, na linakuwa unga unaofanana na kakao.

Harufu yake haifanani na kakao. Ni harufu ya moshi na sabuni na kitu kingine ambacho sijawahi kukipatia jina, na ilikuwa ikinifuata mpaka kanisani. Watu waliniachia nafasi nzuri kwenye benchi.

Harufu hiyohiyo ndiyo iliyomleta naibu wa chifu. Fikiria mwenyewe alichokuwa ameambiwa: banda la mabati, mapipa juu ya moto, makapi ya miwa, na mwanamke anayekoroga kitu huku akitazama njiani. Alikuja na askari wawili, amevaa kofia yake rasmi, na uso wa mtu ambaye asubuhi yake imekuwa nzuri.

"Mama, leo tumekupata."

"Karibuni," nilisema. "Nilikuwa naongeza asidi."

"Na asidi pia munatia!" aliwaambia askari. Akaja kwenye pipa, akainamia, akavuta pumzi ndefu kwa utaalamu wa mtu anayeifahamu pombe haramu ya chang'aa tangu utotoni. Alirudi nyuma hatua tatu. Macho yalimtoka. Alipopata sauti, aliniuliza kwa upole ambao sikuutarajia:

"Hii kitu… kuna watu wanainunua?"

"Bado, mheshimiwa."

"Pole sana," alisema, na wakaondoka. Nadhani ni yeye aliyeeneza habari kwamba kwenye banda lile hakuna pombe, ila kuna mama fulani ana matatizo.

Baada ya miezi kadhaa tulikuwa na magunia mawili ya unga wa kahawia na hatukuwa na kitu cha kuonyesha. Wafadhili waliandika kwamba wangetutembelea. Daktari akaamua kwamba watapenda vikombe.

"Kikombe ni kitu mtu anakishika," alinieleza. "Hauwezi kumpa mgeni unga."

Kutengeneza kikombe kulihitaji joto na shinikizo. Joto tulilipata kwa mabamba mawili manene ya chuma tuliyoyafungia nyaya za majiko mabovu ya umeme. Shinikizo lilihitaji jeki ya lori, na jeki ilikuwa kwa jirani yetu, fundi wa majeneza.

Huyu fundi alijulikana Kakamega nzima. Karakana yake ilikuwa hatua chache kutoka kwetu, na mwenye msiba akitoka mochari alimfikia yeye kwanza. Alikuwa mwanaume mkubwa, mpole, wa umri wangu, na sifa yake ilikuwa moja: alilia na wateja wake. Watu waliofiwa waliingia kwake, naye kabla hajasema pole macho yake yalikuwa yamelowa. Machozi yalimtoka akipima, yalimtoka akipiga randa. Watu walitoka Malava na hata Khwisero wakiwapita mafundi wengine njiani, kwa sababu walitaka sanduku la baba yao litengenezwe na mtu aliyeguswa.

Alitupa jeki bila maswali mengi. "Mkimaliza mtanirudishia," alisema akijifuta kwa kitambaa, nami nikamwambia pole, nikidhani amefiwa.

Wageni walikuja wakiwa watatu, na kiongozi wao alikuwa mama mmoja mwenye adabu sana. Walikaa, walisikiliza, walipiga picha mapipa. Kisha Daktari akaleta vikombe. Vilikuwa vizuri kwa kuvitazama, vyeusi, vinang'aa kama viatu vipya. Ili unga ukubali kufinyangwa tulikuwa tumeuchanganya na gliserini, na tulikuwa tumevijaribu kwa maji. Kwa maji baridi.

Mimi ndiye niliyemimina chai.

Kikombe cha yule mama kilitulia kidogo, kama kinafikiri, kisha kikaanza kuinama upande mmoja, taratibu, kwa heshima. Alikishika kwa mikono miwili akajaribu kukisimamisha. Chai ndani ilikuwa imegeuka rangi ya maji ya mtaro. Alitutazama, akatazama ile chai, na akanywa. Sijawahi kuona mtu akinywa kitu kwa malezi mema kiasi kile.

"Inaonja… msitu," alisema.

Mwenzake aliuliza kama vikombe vinaoza vikitupwa. Daktari, aliyekuwa ametota jasho, alisema vinaoza vizuri sana. Mgeni akafurahi, akaandika. Halafu akauliza kama vinadumu. Daktari akasema vinadumu. Akaandika hilo pia. Nilitamani kumwuliza anataka nini kati ya hayo mawili, lakini nilikuwa napangusa meza.

Waliondoka wakiahidi kuwasiliana. Daktari alikaa juu ya pipa akaangalia tangazo letu ukutani muda mrefu.

"Lile ni la plastiki," alisema mwishowe.

"Naona," nilijibu.

Fundi alikuja kesho yake kuchukua jeki yake. Alikuta Daktari ameinamisha kichwa mezani, na mimi nachanganya kitu kwenye kopo. Nilikuwa nimechoka na vikombe. Nilikuwa nimechukua lignini yetu, nikaichanganya na unga wa maganda ya miti ya miwati, ule wanaotumia kutengenezea ngozi, na kigumisho kidogo, ili nione kama itashika kama gundi. Mawazo hayo yalikuwa ya Daktari, yalikuwa kwenye daftari lake, ila aliyaona madogo mno kuonyesha wageni.

"Hiyo ni nini, dada?"

"Gundi ya mbao. Labda."

Fundi aliinama akanusa kopo. Akangoja. Akanusa tena, kwa pua yote. Kisha akaniuliza kitu cha ajabu.

"Mbona hailizi?"

Hapo ndipo aliponieleza, na alinieleza kwa sauti ya chini huku akiutazama mlango. Vifuniko vya masanduku yake alivibandika vinia, yaani mbao nyembamba za urembo, kwa gundi ya unga ya dukani. Gundi ile ilikuwa na ukali unaopanda ukaingia machoni. Kwa miaka ishirini alikuwa amelala nao, ameamka nao, amekula nao. Daktari aliinua kichwa chake mezani akatueleza kwamba ukali huo ni wa formalini, ileile wanayowadungia maiti kule mochari wasiharibike.

Fundi alikitazama kitambaa chake cha kujifutia.

"Kwa hivyo sisi wote tuko ndani ya dawa moja," alisema. "Mimi na wao."

"Lakini watu wanasema unalia kwa huruma," nilimwambia.

"Nilianza kuwaambia ni gundi. Hawakunisikia. Wakasema ni unyenyekevu."

Siku hiyohiyo tulibandika vipande viwili vya mbao ya saiprasi kwa gundi ya lile kopo, tukavibana kati ya mabamba yetu ya moto kwa jeki yake. Vilipopoa alivichukua. Daktari alianza kumweleza juu ya kipimo cha kimataifa cha kuchemsha mbao, saa kadhaa, kwenye chombo maalum ambacho hatukuwa nacho. Fundi alikuwa ameshatoka. Alienda kwake, akavitumbukiza vile vipande kwenye sufuria ya mahindi na maharagwe iliyokuwa motoni, na akavirudisha jioni vikitoka mvuke. Akachukua patasi akavipasua mbele yetu. Mbao ilichanika nyuzi. Mstari wa gundi ulibaki mzima.

Daktari aliruka. Alinikumbatia, akamkumbatia fundi, akakumbatia kile kipande cha mbao na shati likachafuka. Yale mahindi hayakuliwa na mtu, maana yalikuwa yamegeuka kahawia, lakini fundi alisema hajali.

Kuanzia siku hiyo alitumia gundi yetu. Aliiita rignini, nami sikuona sababu ya kumsahihisha, kwa kuwa Daktari mwenyewe akichangamka alisema vivyo hivyo. Kasoro yake ilikuwa moja: iliacha mstari mweusi palipounganishwa. Fundi aliwaambia wateja kwamba ni mapambo. Na Daktari, kwenye ripoti yake, aliona faraja kwamba kwa mara ya kwanza tumepata bidhaa inayotakiwa kuoza, na ambayo hakuna mtu atakayeirudisha kulalamika.

Macho ya fundi yalianza kupona. Wekundu ulipungua kila wiki, mpaka siku moja alinisalimia njiani nikagundua kwamba sijawahi kuyaona. Yalikuwa macho mazuri, ya hudhurungi, yenye mshangao kidogo. Aliniambia kwamba sasa anaona pembe za masanduku aliyotengeneza zamani, yale ya maonyesho pale mlangoni, na kwamba mengi hayako sawa. "Nimewazika watu ndani ya vitu vimepinda," alisema, akacheka. Nami nilicheka, nikajisikia mwanasayansi.

Furaha hiyo haikudumu. Ndugu wanne walikuja kutoka Malava kuagiza sanduku la mama yao. Fundi aliwapa mkono, akawaambia pole, akatoa futi yake kupima. Macho makavu kabisa. Wale ndugu walitazamana. Hatimaye mkubwa wao akasema:

"Fundi, kwa mazishi ya jirani yetu ulilia mpaka ukashindwa kushika nyundo. Mama yetu alikukosea nini?"

Alijaribu kueleza. Alisema habari ya gundi, habari ya makapi ya miwa, akafika mpaka kwenye maganda ya miwati. Walimsikiliza kwa heshima, kisha wakavuka barabara wakaenda kwa fundi mwingine, ambaye alikuwa bado anatumia gundi ya zamani na aliyelia hata ukimwuliza saa.

Habari zilisambaa. Ilisemekana fundi amekuwa na roho ngumu. Wengine walisema amezoea vifo, wengine kwamba amepata wokovu wa aina mbaya. Wateja walipungua, na waliobaki walikuwa wale waliokuwa na haraka. Siku moja alikuja kwangu na kopo lake tupu, akazunguka maneno kwanza, mvua, mahindi, afya ya mama yangu. Halafu:

"Dada, hakuna namna ya kutia ile kitu kidogo? Kiasi ya macho tu. Siku za wateja."

Ningependa kuandika hapa kwamba nilikataa papo hapo. Ukweli ni kwamba nilikuwa najua kiasi kinachohitajika, na nilikuwa nimeshakihesabu kichwani kabla hajamaliza kuuliza. Nilikuwa mtu wa maabara. Ningeweza kumpimia majonzi kwa matone. Nilimwambia nitamwuliza Daktari. Daktari alicheka sana, kisha akaacha kucheka, akasema hapana, na akaniomba jambo hilo lisiingie kwenye kumbukumbu zetu.

Wiki mbili baadaye, saa sita mchana, fundi aliingia bandani bila kupiga hodi. Uso wake ulikuwa umelowa mpaka kidevuni. Alinisukumia kopo la gundi.

"Hii yenu imeharibika."

"Imefanya nini?"

"Imeanza kuliza. Kama ile ingine. Angalia!"

Nilichukua kopo nikanusa. Moshi, sabuni, na kile kitu kisicho na jina. Nilinusa tena kwa karibu, mpaka likanigusa pua. Nilipima kwa vijikaratasi vyangu. Nilikwenda kwenye pipa tulimoitolea nikanusa lile pia. Alinifuata hatua kwa hatua akijifuta kwa kiganja cha mkono.

"Fundi, hii gundi haina kitu."

"Haiwezekani."

"Mimi nimeinusa. Macho yangu ni makavu. Leo umefanya kazi gani?"

Alikaa kwenye gunia la makapi. Alinieleza kwamba asubuhi alikuja mama mmoja, peke yake, bila ndugu wala jirani. Hakuleta kipimo cha futi. Alileta kamba, nyembamba, ya kufungia ndama, yenye fundo moja, urefu wa mkono tu kutoka nchani. Alisema kuanzia kichwani mpaka hapa penye fundo, na akaishika kamba ile kwa vidole viwili, kama kitu kinachoweza kuamka. Fundi alimwambia pole, kwa macho makavu, na yule mama hakulijali hilo, hakuja kutafuta mtu wa kulia. Aliketi nje akangoja. Fundi alikata mbao, akaziunganisha, akapaka gundi kwenye kifuniko, na alipokuwa anailaza ile kamba juu ya kifuniko kuhakikisha kimetosha, macho yakaanza.

"Nikasema ni gundi," aliniambia. "Nikafungua madirisha. Nikatoka nje. Huko nje pia."

Mambo ya aina hiyo hayakuwemo kwenye masomo yangu.

"Si gundi," nilimwambia tena.

"Basi ni mimi," alisema. Alilisema hilo kwa hofu, kama mtu anayeambiwa jina la ugonjwa wake. Kisha akasema jambo ambalo bado nalifikiria hadi leo. "Baba yangu alipokufa, sanduku nilitengeneza mimi. Nililia kutoka asubuhi. Watu wakanisifu. Mpaka leo, dada, sijui kama nilimlilia."

Nilimwekea maji kwenye bakuli akanawa. Tukarudi pamoja kwenye karakana yake. Yule mama alikuwa bado amekaa palepale nje, mikono mapajani. Fundi aliingia akamaliza kazi, akapiga msasa mpaka ule mstari mweusi ukawa laini kama uzi, akalitandika sanduku kitambaa cheupe ndani. Mimi nilimshikia kifuniko. Alipolitoa nje, aliirudisha ile kamba mikononi mwa yule mama bila kulifungua fundo.

Alitengeneza masanduku mawili au matatu zaidi baada ya hapo. Kila mara alilia kwelikweli, na kila mara ilimchukua siku nzima kupata nguvu. Wateja waliposikia kwamba fundi ameanza kulia tena walirudi kwa wingi, wakiwa wameridhika. Naye akafunga kazi ya majeneza. Alisema kazi ile mtu anaiweza akiwa analizwa na gundi; akiwa analia mwenyewe haiwezi. Aliondoa masanduku ya maonyesho mlangoni, akabandika kibao kipya: milango, makabati, meza. Mlango haumtaki fundi awe na huzuni. Unamtaka afike siku aliyoahidi, na hilo ndilo linalomshinda.

Kwa wafadhili mambo yalikwenda vizuri kuliko tulivyostahili. Waliandika kusema kwamba wamefurahishwa na gundi, na kwamba kikombe pia wasingependa tukikatie tamaa. Daktari alialikwa ng'ambo kuhutubia mkutano. Alizungumza juu ya macho ya mafundi na hewa safi ya karakana, akapigiwa makofi, na akanitumia picha yake akiwa ameshika kahawa kwenye bilauri ya plastiki. Sasa yuko huko anaendelea na masomo mengine. Banda liko mikononi mwangu. Nina wasaidizi wawili, wanawake waliokuwa wakikata miwa, ambao mikono yao inaijua bagasi kuliko kitabu chochote, na ambao walijifunza kupima asidi haraka kuliko nilivyojifunza mimi.

Mwezi uliopita shule moja iliagiza madawati. Mbao za juu tunazitengeneza sisi, kwa kushindilia makapi na gundi yetu. Miguu anatengeneza fundi. Mwalimu mkuu alitaka yasinuke moshi, kwa hiyo siku hizi naiosha lignini mara tatu badala ya mara moja. Maji mengi, kuni nyingi, na weusi bado haujatoka vizuri. Fundi amekuwa akinilalamikia kwamba mbao zangu zinakuja na unyevu, mimi nikimlalamikia kwamba miguu yake inachelewa, na wale wanawake wawili wanatusikiliza kama redio.

Dawati la kwanza lilimalizika Alhamisi. Fundi alilipiga msasa, akalifuta vumbi kwa shati lake, akalitoa nje penye mwanga. Tukaambiana kwamba watoto wa shule hukaa watatu, hurukaruka, hupigana. Hakukuwa na watoto, kwa hiyo tulikaa sisi: yeye upande mmoja, mimi katikati, na msaidizi wangu mmoja, mwenye mwili wake, upande wa pili. Tukatikisika. Tukatega masikio kama mbao zitalia. Fundi alituambia turuke kidogo, tukaruka, watu wazima watatu, na muuza mkaa aliyekuwa anapita alisimama kututazama. Halafu mvua ya alasiri ikaanza kupiga mabati, na kwa kuwa tulikuwa tumeshakaa vizuri chini ya ukingo wa paa, hakuna aliyeinuka.